Siti binti Saad: Sauti Iliyovuka Bahari (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha Siti mjini Unguja, mwaka 1911, akiwa amekipa kisogo kijiji chake cha Fumba na biashara ya kutembeza vyungu kichwani. Kabla sijaendelea, nijibu barua ya msomaji wa Mtaa wa Sikukuu, hapa Kariakoo, anayeuliza kwa nini gazeti la Dar es Salaam lijichoshe na mwimbaji wa Unguja, ilhali bara nako kuna waimbaji. Ndugu yangu, vuta subira. Habari hii ina mtu wa kwenu ndani yake, na hakufa kifo chema.

Mjini, Siti aliangukia mikononi mwa Ali Muhsin, mpigaji muziki aliyemsikia na kutambua kwamba sauti ile ilihitaji mwalimu tu. Alimfundisha kuimba kwa kufuata ala, na kutamka Kiarabu sawasawa. Jambo hilo la pili lilikuwa na uzito wake. Taarab ya wakati ule ilikuwa mali ya jumba la mfalme. Sultani Barghash ndiye aliyempeleka Muhammad Ibrahim Misri akajifunze muziki, na klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, iliimba kwa Kiarabu. Mwanamke wa shamba, aliyezaliwa utumwani na kupewa jina la Mtumwa, hakutazamiwa kukanyaga zulia lile. Siti alilikanyaga. Halafu akafanya kubwa zaidi: akaichukua taarab akaipeleka Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini humo, kwa Kiswahili.

Wenye wivu hawakukosa. Walimtungia wimbo wa kumkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini. Naye akawajibu kwa wimbo, kwamba si uzuri wala ukoo umpao mtu heshima, bali hasara ni kukosa akili. Jibu lile hadi leo linaimbwa. Waliomtukana hakuna anayewakumbuka.

Sasa tuje kwenye santuri. Mwaka 1902, katika chumba cha hoteli mjini Milan, Kampuni ya Gramophone ya Uingereza ilimrekodi Enrico Caruso, kijana wa Napoli aliyekuwa akiimba opera, yaani ule mchezo wa jukwaani unaoimbwa mwanzo hadi mwisho. Caruso aliimba mbele ya mdomo wa pembe, kwa kuwa maikrofoni ilikuwa bado kutumika katika kazi hiyo. Santuri zake zikamfikisha kwa watu ambao wasingeweza kamwe kununua tiketi ya jumba la opera. Mwaka 1928 kampuni hiyohiyo, yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilimrekodi Siti. Alipanda meli hadi Bombay pamoja na wenzake, wakiwamo Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Mwalimu Shaaban. Safari hii kulikuwa na maikrofoni.

Kilichowatesa, nadhani, ni saa. Taarab ya usiku haina haraka. Ubeti huimbwa ukarudiwa, watu wakainuka kutunza, mwimbaji akaurudia tena kwa ajili ya aliyetunza. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba dakika tatu hivi, basi. Mwimbaji aliyezoea kukesha alitakiwa aseme yote kabla chai haijapoa.

Fundi mmoja wa redio pale Gerezani ana gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, nami huenda kumsumbua. Mwezi uliopita alinitolea santuri aliyoipata kwenye vyombo chakavu. Nzito kama sahani ya udongo, imemeguka ukingoni. Akabadilisha sindano, maana sindano ya chuma huisha makali kwa upande mmoja tu, akazungusha mkono, akaiachia. Kwanza ulikuja mkwaruzo kama mchele unaopepetwa. Kisha udi, kisha mwanamke, mbali, kama anaimba nyumba ya tatu. Fundi anaapa kuwa ni Siti. Mimi siapi: karatasi ya katikati imeliwa na mende, imebaki nusu ya mbwa.

Nirudi kwa msomaji wa Mtaa wa Sikukuu. Mwanamke mmoja wa Dar es Salaam alivuka kwenda Unguja kutembelea rafiki zake. Mtu aitwaye Kijiti akamchukua kwenda naye kwenye starehe, na mgeni yule akarudishwa maiti. Kijiti akatoroka, akavuka bahari kuja bara. Wanawake wawili waliokuwa wenyeji wa marehemu walikwenda kutoa ushahidi, na wao ndio walioishia gerezani. Mwuaji nje, mashahidi ndani.

Siti na wenzake waliutungia mkasa huo wimbo, wakamtaja Kijiti kwa jina lake, bila mafumbo ya kawaida ya taarab. Wimbo ukaingia kwenye santuri, na santuri zilikuwa zikiuzwa Mombasa, Tanga na hapa Dar es Salaam. Hebu fikiri: mtu kaikimbia serikali ya Unguja, halafu jina lake likamfuata mpaka bara, likazungushwa kwenye gramafoni watu wakisikiliza. Kama mahakama ilishindwa kumfikia, santuri ilijaribu. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu Siti kwa utamu wa sauti peke yake. Sauti tamu zilikuwapo. Aliyethubutu kulalamikia hukumu mbele ya kadamnasi, kwa lugha inayoeleweka na mpishi na mchukuzi, alikuwa yeye.

Kariakoo ilisikia. Miaka ya 1930 tayari klabu za Egyptian na Al-Watan zilikuwa zikishindana kwa taarab katika mitaa hii, na mashabiki wake walibishana kama wanavyobishana leo wa Simba na Yanga. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert alikuwa amewahi kuzungumza naye, akamwandikia wasifu. Huo ndio tutakaoufungua Jumapili ijayo, nami nina ugomvi nao kidogo.

Kwa sasa nina ombi. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo zinabomolewa kila mwezi kupisha maghorofa, na vya mvunguni huishia kwenye toroli la vyuma chakavu. Ukikuta santuri nzito nyeusi kwa bibi yako, hata ikiwa imemeguka, usiitupe. Isome karatasi ya katikati, kama mende wamekubakizia maneno, kisha niandikie kwa anwani ya gazeti hili.