Taa za trekta kuukuu: Kagua betri kabla ya kugusa nyaya

MKULIMA anayemiliki Massey Ferguson 35, trekta iliyoanza kuundwa Uingereza katika miaka ya 1950, asikimbilie kununua balbu mpya taa za mbele zinapofifia. Aghalabu kasoro huwa ni kutu pale waya unapofungwa kwenye chuma cha trekta. Ikwangue kwanza.

Iwapo nyaya zenyewe zimechakaa, tenganisha betri, ukianza na ncha iliyounganishwa na chuma. Fundi aliyezoea magari ya kisasa huweza kuteleza hapa, kwani katika matrekta mengi ya Uingereza ya enzi hizo ncha hiyo ilikuwa chanya, wala si hasi. Huenda pia mmiliki wa awali aliigeuza. Ufuate waya kwa macho. Ukianza na ncha nyingine, spana ikigusa chuma cheche zitaruka, na tangi la dizeli haliko mbali.

Balbu mbili za wati 45 kila moja, kwa betri ya volti 12, huvuta ampea 7.5. Waya wa milimita mraba 2.5 watosha. Fyuzi ya ampea 15, ambayo wengi huiruka ili kuokoa shilingi chache, iwekwe karibu na betri.