Loshuu, Haradali ya Nyanda za Juu

Katika soko la Tengeru, kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, mafungu ya loshuu hupangwa jirani na mchicha, mnavu na sukuma wiki. Majani yake ni mapana, ya kijani, na ukiyatafuna yakiwa mabichi yanaacha uchungu na mwasho mdogo kwenye ulimi. Mwasho huo unaitambulisha nasaba yake. Loshuu ni haradali, ndugu wa karibu wa mmea unaotoa rojo la njano la kupaka kwenye soseji.

Wasomaji wengi wanaijua haradali kutokana na punje yake ndogo inayotajwa katika Injili na katika Kurani, lakini hawajui kwamba aina yake mojawapo inaota nyuma ya nyumba zao. Aina kubwa ni nne. Haradali nyeupe ina mbegu za rangi ya maziwa na ukali wa kiasi. Ya hudhurungi, inayolimwa sana India, ni kali zaidi. Nyeusi imepungua mashambani kwa sababu vitumba vyake hupasuka na kumwaga mbegu kabla ya mashine kupita. Ya nne ni haradali ya Ethiopia, na hiyo ndiyo loshuu ya Arusha na Meru. Magharibi mwa Kenya huitwa kanzira.

Mwaka 1935 mtaalamu wa mimea Woo Jang-choon, mzaliwa wa Tokyo mwenye baba Mkorea na mama Mjapani, alieleza jinsi mimea hii inavyohusiana. Haradali nyeusi ina kromosomu 16, na kabichi, ambayo ni jamii moja na sukuma wiki, ina 18. Loshuu ina 34. Mimea hiyo miwili ilipandana yenyewe zamani, na zao lake likabeba urithi kamili wa pande zote mbili: ukali wa haradali na majani manene ya kabichi.

Anayetaka kujua ukali huo unatoka wapi achukue kijiko cha mbegu za haradali ya hudhurungi, azitwange zikiwa kavu, kisha anuse. Harufu ni hafifu mno. Akitia maji ya baridi kidogo na kungoja kama dakika kumi, pua itamwasha na machozi yatamtoka. Ndani ya mbegu mna kemikali iitwayo sinigrini na kimeng'enya kiitwacho mirosinasi, kila kimoja mahali pake. Mbegu ikipondwa na kupata maji, viwili hivyo hukutana na kutoa mafuta makali yanayopanda puani. Maji ya moto hukiua kimeng'enya, ukali usitokee kabisa. Siki huufanya udumu, ndiyo sababu haradali ya chupa hukorogwa kwa siki. Ile rangi yake ya njano kali mara nyingi ni ya manjano iliyoongezwa. Kwa mmea wenyewe ukali ni silaha dhidi ya wadudu wanaotafuna majani.

Wapishi walilijua jambo hili kabla ya wanakemia. Katika nyumba za Wahindi wa Mombasa na Dar es Salaam, mbegu hutupwa kwenye mafuta ya moto mpaka zianze kudatadata, na hapo hubaki na ladha tulivu isiyochoma. Kwenye achari ya embe hutiwa zikiwa zimevunjwa, ili zichome.

Huko India kwenyewe, jimbo la Rajasthan ndilo linaloongoza kwa kilimo chake: hupandwa kuanzia Oktoba na kuvunwa kuanzia Februari, mbegu zikakamuliwa mafuta. Ufaransa, yenye sifa ya haradali ya Dijon, hutegemea sana mbegu za Kanada. Ukame ulipoyapiga mashamba ya Kanada mwaka 2021, mwaka uliofuata Wafaransa waliikosa haradali madukani.

Waethiopia, wenye haradali iliyopewa jina la nchi yao, hawaipotezi hata punje. Majani ni mboga yao ya kila siku, gomen. Mbegu husagwa, na unga wake wenye mafuta hupakwa kwenye chuma au kigae cha kupikia injera ili isigande. Mbegu hizo hizo zimefika mbali: Januari 2018 ndege ya Qantas iliruka kutoka Los Angeles hadi Melbourne ikitumia mafuta yaliyochanganywa na yale ya haradali hii.

Kulima loshuu hakuhitaji eneo kubwa. Hustawi kwenye ubaridi wa nyanda za juu, katika udongo usiotuamisha maji na uliotiwa samadi iliyooza. Mbegu hufukiwa kina cha sentimita moja hivi, kitaluni au moja kwa moja shambani, na miche huachiwa nafasi ya sentimita 30 hadi 40. Baada ya wiki tano au sita majani ya chini huanza kuchumwa, yale ya juu yakiachwa yaendelee kukua. Kikonyo cha maua kikichomoza kikatwe, la sivyo majani yatapungua na kuzidi uchungu. Adui mkubwa ni vidukari, hasa wakati wa kiangazi. Mkulima ageuze majani na kutazama upande wa chini kila anapochuma, maana huko ndiko wanakojificha.

Mabaki nayo yana kazi. Mashina na majani yakikatwakatwa mabichi na kufukiwa palipo na unyevu, kemikali zile zile zinazowasha pua hupunguza minyoo fundo na baadhi ya kuvu wa udongoni. Kwa mkulima wa nyanya, hiyo ni dawa isiyonunuliwa.

Jikoni, loshuu haitaki moto mrefu. Ikaangwe kwa kitunguu na nyanya dakika chache tu, iliwe na ugali. Na anayeipanda aache mashina mawili matatu yaliyo bora yachanue mpaka vitumba vikauke na kugeuka rangi, ayakate asubuhi kungali na umande ili mbegu zisimwagike, kisha ayapure juu ya turubai. Shina moja litampa mbegu za kutosha bustani nzima ya msimu ujao.