Mafunzo ya Ubongo kwa Wenye Uchovu Sugu

Mwenye uchovu sugu hulala akaamka hana nguvu. Akijikaza kufanya kazi, hali humzidia, mara nyingine siku moja au mbili baadaye.

Nchini Uingereza, Phil Parker alibuni mafunzo ya siku tatu yaitwayo Lightning Process, ambamo mgonjwa hufundishwa kuzikatiza fikra zinazodhaniwa kuuweka mwili katika tahadhari isiyokwisha. Mwaka 2017, utafiti wa Bristol uliohusu vijana 100 uliripoti nafuu kwa waliofunzwa. Mwaka 2019 jarida lililouchapisha likatoa masahihisho: zaidi ya nusu ya vijana waliandikishwa kabla ya utafiti kusajiliwa, na kipimo kikuu kilihamishwa kutoka mahudhurio ya shule hadi majibu ya dodoso. Kijana aliyefunzwa kujiona mzima, akiulizwa anajionaje, atajibu nini?

Mwaka 2021 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba huko, ilielekeza mafunzo hayo yasitolewe kwa wagonjwa hawa. Mgonjwa na agawe shughuli zake kwa kadiri ya nguvu alizo nazo. Mhudumu naye, kabla ya kutaja uchovu sugu, achunguze upungufu wa damu, tezi ya shingo, kisukari na kifua kikuu. Hayo yana dawa.