Kikulacho ki nguoni: vumbi la pamba na siha ya mfanyakazi

Tuseme kwenu mapumziko ni Ijumaa. Umeswali, umekula pilau, umelala. Jumamosi unaingia kazini mzima kabisa. Baada ya saa chache kifua kinabana, kikohozi kikavu kinaanza, na mzigo uliozoea kuubeba unakuelemea. Jumapili unapata nafuu. Wenzako wanakwambia umenenepa, ukafanye mazoezi.

Kama kazi yako ni kuchambua au kusokota pamba, usiwasikilize upesi. Huenda ni bisinosisi, ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la pamba. Ulaya na Marekani, ambako watu hupumzika Jumapili, dalili zake zilijulikana kwa Jumatatu. Kosa letu madaktari, nami nimo, ni kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi tusimwulize anaumwa siku gani.

Pamba ya Lamu hulimwa upande wa bara, Mpeketoni, Hindi na Witu. Shambani vumbi huchukuliwa na upepo. Shida huanza ndani ya jengo, mashine zinapotenganisha nyuzi na mbegu, na huzidi katika viwanda vya nguo, pamba inapofunguliwa na kuchanwa. Vumbi hilo lina vipande vya majani makavu na sumu ya bakteria, ambayo ndiyo hushukiwa zaidi kubana njia za hewa. Mafundi wanaotia kalafati majahazi kule Matondoni wana nafuu yao: pamba iliyolowa mafuta haitimki.

Mwanzoni kifua hubana siku ya kwanza tu ya juma. Miaka ikipita hubana kila siku, na mwishowe pumzi hairudi sawasawa hata ukiacha kazi. Mazoezi ni mema kwa moyo na misuli, lakini hayaondoi vumbi. Ukikimbia ufukweni kila alfajiri kisha ukashinda katika vumbi lile lile, mapafu yataendelea kuharibika.

Mwombe daktari akupime nguvu ya pumzi kwa kifaa cha kupuliza, kabla na baada ya zamu ya kwanza kufuatia mapumziko. Pumzi ikishuka, kuna la kuchunguza. Sigara iache leo, kwani huzidisha madhara. Leso uliyojifunga puani haizuii vumbi laini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri adhibiti vumbi: linyonywe pale pale kwenye mashine. Lisipeperushwe kwa mpira wa hewa. Nguo za kazi nazo zibaki kazini. Usizikung'ute nyumbani, mna watoto.