Sikio la Namatala

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai, 2022, mto Namatala pamoja na Nabuyonga ilifurika mjini Mbale, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Waliolala bondeni walipashwa habari na maji yenyewe.

Sisi wa jeshi na polisi ndio huitwa kutafuta maiti. Kwa hiyo yatupasa kuifahamu kazi ya mafundi wa kujitolea ambao, katika nchi nyingi, hujijengea mitandao ya vyombo vya kupimia mvua na kina cha maji. Chombo kimoja huishi kwa betri ndogo hata miaka kadhaa, na hutuma maneno machache kwa redio yenye kufika kilomita 10 na zaidi mahali pa wazi. Ufundi huo, uitwao LoRa, ulianzia Ufaransa. Mwaka 2015 raia wa Amsterdam walieneza mtandao wa namna hiyo mjini mwao kwa malango kama 10 tu.

Lango ni kituo kinachopokea habari za vyombo vyote na kuziingiza katika intaneti. Kwa kuwa lango kamili ni ghali, wenye mfuko mwepesi huunganisha kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na redio moja. Profesa Congduc Pham wa Chuo Kikuu cha Pau, Ufaransa, ameonyesha waziwazi jinsi ya kulitengeneza.

Lakini askari wa signali atauliza: linasikiliza chaneli ngapi? Lango kamili husikiliza 8 kwa pamoja; hilo la rahisi husikiliza moja, tena kwa mwendo mmoja wa kutuma. Chombo kikihamia chaneli nyingine, kinazungumza na kiziwi. Vyote vikibanwa katika chaneli ile ile, viwili vikisema pamoja huharibiana maneno.

Mkulima wa mpunga katika kinamasi cha Namatala akikosa kipimo kimoja cha udongo, hapati hasara. Mto unapopanda usiku, kipimo kilichopotea chaweza kuwa ndicho kilichotakiwa. Malango ya rahisi na yafundishie vijana wetu. Juu ya Wanale, panapoelekea mji mzima, tungetaka lango kamili lenye betri yake, maana umeme huweza kukatika mvua inapopiga. Na chini, katika kituo cha polisi, awepo askari wa zamu aliye macho, mwenye amri ya kupiga king'ora bila kungoja asubuhi.