Kijana wako anapanda mlima? Jaribu koti lake la mvua kabla hajaondoka

Siku moja ya kliniki ya watoto, mama mmoja alikuja na mjukuu wake kupima uzito. Tulipomaliza, hakuinuka. Alisema mwanawe mkubwa ameshuka kutoka Kilimanjaro juzi, safari yake ya kwanza ya upagazi, na vidole vyake bado vina ganzi. Koti alilonunuliwa mtumbani lililowa mabegani siku ya kwanza, msituni. Hakuwa na shati lingine kavu, akalala na lile bichi, na usiku wa pili wenzake walimkuta anaongea maneno yasiyoeleweka. Walimbadilisha nguo, wakamfunika, wakamshusha. Amepona. Lakini yule mama aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Nesi, koti lilikuwa zito na zuri. Ningejuaje kwamba linavuja?"

Makala hii ni jibu la swali hilo. Ni kwa ajili yako mama, mke, dada au bibi unayemfungia kijana begi lake la mlimani. Koti linaweza kujaribiwa nyumbani kwa ndoo ya maji na gunia la mahindi.

Kwa nini kulowa ni hatari mlimani

Mwili wa binadamu hufanya kazi vizuri ukiwa na joto la karibu nyuzi 37. Nguo kavu hushika hewa karibu na ngozi, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto. Nguo ikilowa, maji huchukua nafasi ya hewa. Maji hupitisha joto karibu mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia. Upepo ukiongezeka, joto hutoka haraka zaidi.

Sasa fikiria safari yenyewe. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, baridi huongezeka kwa takriban nyuzi 6. Kwa njia ya Marangu, Mandara iko karibu mita 2,700, Horombo karibu mita 3,700 na Kibo karibu mita 4,700. Kama mchana langoni ni nyuzi 20, Mandara itakuwa karibu 15, Horombo karibu 9, na Kibo karibu 3. Hiyo ni mchana. Usiku huko juu maji huganda.

Mvua nyingi hunyesha chini, kwenye msitu. Kwa hiyo kijana hulowa siku ya kwanza, mahali ambapo baridi bado si kali, naye haoni tatizo. Kisha anapanda na nguo zile zile kwenda kwenye baridi na upepo, mahali ambapo nguo haikauki. Ndiyo maana koti linalovuja kidogo, ambalo shambani ni usumbufu tu, katika safari ya siku tano au sita linaweza kuhatarisha maisha.

Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35, hali hiyo huitwa haipothemia. Inaweza kumpata mtu hata kama hakuna barafu. Mvua, upepo, uchovu na njaa vinatosha.

Koti la mvua linafanyaje kazi

Koti zuri la mvua lina sehemu tatu za kuangalia:

- Kitambaa cha nje. Kimepakwa dawa inayofanya maji yajikusanye kama shanga na kuteleza. Dawa hii huisha kwa kuvaliwa, kufuliwa na kusuguliwa na mikanda ya begi.
- Utando wa ndani. Huu ndio unaozuia maji hasa. Ukizeeka hubanduka vipande vipande kama ngozi iliyoungua.
- Mishono. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Koti la kweli la mvua lina utepe uliobandikwa juu ya mishono kwa ndani. Kama hakuna utepe, hilo ni koti la upepo, hata kama muuzaji anasema vingine.

Uzito wa koti haukuambii chochote. Hata jina la kampuni kifuani halitoshi, kwa sababu koti la mtumba linaweza kuwa limeshatumika miaka mingi.

Jaribio la siku tatu

Anza angalau wiki mbili kabla ya safari, ili upate muda wa kurekebisha au kutafuta koti lingine.

Siku ya kwanza: macho na matone. Geuza koti ndani nje, ulitazame kwenye mwanga wa jua. Je, utando unabanduka? Utepe wa mishono umeachia? Zipu inafunga hadi juu? Kisha ligeuze, unyunyizie maji mabegani, kwenye kofia na mikononi. Maji yakijikusanya na kuteleza, dawa bado ipo. Kitambaa kikibadilika rangi na kunywa maji, dawa imeisha. Hapo usilitupe bado, endelea na siku ya pili.

Siku ya pili: ndoo. Mwambie kijana avae fulana kavu ya rangi ya kijivu, ambayo huonyesha unyevu haraka. Weka karatasi kavu katika kila mfuko wa koti. Afunge zipu na kofia. Mmwagilie maji kwa keni ya bustani au kopo lenye matundu, taratibu, kwa dakika 10: kichwani, mabegani, mgongoni, kifuani. Asimame tu, asifanye kazi, ili asitoke jasho. Kisha avue, nawe uangalie fulana na karatasi.

Siku ya tatu: mzigo. Hili ndilo jaribio ambalo wengi hulisahau. Mpagazi hatembei mikono mitupu. Hubeba mzigo wa hadi kilo 20, na mkanda wa begi hukandamiza maji yapenye pale ambapo matone peke yake yasingepenya. Jaza begi mahindi au mchanga, lowesha koti, kisha apande mlima wa karibu kwa saa moja. Kama mvua inanyesha, vizuri zaidi. Akirudi, angalia tena fulana. Halafu tundika koti ndani ya nyumba, mbali na moto, uhesabu saa linazochukua kukauka. Mlimani litachelewa zaidi ya hapo.

Kusoma ulichokiona

- Unyevu wa mstari mmoja: mshono unavuja.
- Unyevu mabegani baada ya mzigo tu: utando umechoka pale mikanda inapokaa.
- Unyevu shingoni na viganjani: kofia au mikono haifungi vizuri, au koti ni dogo.
- Karatasi za mfukoni zimelowa: zipu za mifuko zinapitisha maji. Simu na dawa zisikae humo.
- Unyevu uliosambaa mgongoni na makwapani baada ya kupanda, wakati siku ya pili palikuwa pakavu: hilo ni jasho. Koti halivuji. Afungue zipu kidogo anapopanda, apunguze nguo za ndani, na azivae tena akisimama.

Nini kinarekebishika

Koti linaloanza kunywa maji kwa nje mara nyingi ni chafu tu. Lifue kwa mkono kwa sabuni laini kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo, na ulisuuze hadi povu liishe kabisa. Mabaki ya sabuni huvuta maji. Likikauka, rudia jaribio la matone. Kama bado linakunywa, kuna dawa za kupulizia zinazouzwa na wauzaji wa vifaa vya mlimani.

Utepe ulioachia hubandikwa upya kwa gundi ya mishono isiyopitisha maji. Usipeleke kwa fundi cherehani ashone juu yake. Atakuongezea matundu.

Utando unaobanduka hauponi. Koti hilo libaki la shambani. Kama fedha hakuna, usiache kijana aende hivyo. Mjini Moshi, Kilimanjaro Porters Assistance Project huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Aende mapema, siyo asubuhi ya safari. Na koti la kuazima nalo lijaribiwe kwa maji.

Ndani ya koti

Koti hata likiwa zuri, siku tano za mvua huweza kulishinda. Kwa hiyo:

- Shati la pamba lisikae karibu na ngozi. Pamba hunywa maji na kubaki baridi. Sufu, au fulana na sweta za poliesta, hutunza joto hata zikiwa na unyevu.
- Afunge seti moja kamili ya nguo kavu za kulalia: fulana, sweta, suruali, soksi, kofia ya sufu. Seti hii haivaliwi njiani hata mara moja. Akifika kambini, anavua kila kilicholowa na kuivaa. Asubuhi anaivua tena, hata kama nguo za njiani ni baridi.
- Seti hiyo ikae ndani ya mfuko mzito usiopitisha maji, wa kutumia tena na tena. Mifuko myepesi ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na hata hivyo huchanika siku ya kwanza. Jaribu mfuko huo kwa kuuweka kwenye beseni la maji ukiwa na karatasi kavu ndani.
- Jozi mbili za glovu na angalau jozi tatu za soksi.

Mfundishe dalili hizi, na wenzake pia

Mtu anayepoteza joto mara nyingi hajitambui. Anayegundua ni mwenzake. Dalili za mwanzo ni kutetemeka sana, vidole kushindwa kufunga kamba za viatu, kujikwaa, kunung'unika au kunyamaza kupita kawaida yake, na kuburuta maneno. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi na amechanganyikiwa au ana usingizi, hiyo si nafuu. Ni hatari kubwa.

Cha kufanya:

- Mwingizeni mahali pasipo mvua wala upepo. Mvueni nguo zote zilizolowa, mvisheni kavu, mfunikeni hadi kichwani.
- Wekeni kitu kati yake na ardhi. Ardhi hunyonya joto.
- Akiwa macho na anameza vizuri, apewe kinywaji cha moto chenye sukari na chakula.
- Asipewe pombe. Humfanya ahisi joto huku mwili ukizidi kulipoteza.
- Msimsugue mikono na miguu, wala msimweke karibu sana na moto. Pasheni joto kifua na mgongo taratibu.
- Kiongozi wa safari aambiwe mara moja. Kuchanganyikiwa na kuyumba kunaweza pia kuwa ugonjwa wa kimo, na tiba yake ya kwanza ni kushuka. Asiachwe peke yake.

Vijana wengi hunyamaza kwa kuogopa kuonekana wadhaifu au kukosa safari ijayo. Mwambie kabla hajaondoka, kwa maneno yako mwenyewe, kwamba kusema "nimelowa, nahitaji kubadilisha" siyo udhaifu.

Akirudi nyumbani

Mwangalie vidole vya mikono na miguu. Ngozi iliyopauka au kuwa nyeusi, malengelenge, au ganzi isiyoisha inahitaji kuonwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kikohozi pamoja na kukosa pumzi. Msisubiri kipite chenyewe.

Kisha lichukue koti, ulisuuze matope, ulitundike kivulini. Usilikunje likiwa bichi, kwa maana ukungu hula utando. Na kabla ya safari ijayo, toa tena ile ndoo. Koti lililofaulu Januari linaweza kushindwa Juni.

Yule mama wa kliniki alirudi mwezi uliofuata, mjukuu ameongezeka uzito. Aliniambia wamemmwagia kijana maji uani mpaka majirani wakacheka. Koti la pili nalo lilivuja, kwenye mshono wa bega la kushoto. Safari hii walijua kabla hajaondoka.