Mjusi wa Kimboza na Maswali Matatu

Kijana mmoja niliyemfundisha zamani, naye sasa anasoma Ubelgiji, aliniandikia barua. Alikuwa amemwona kwa rafiki yake mjusi mdogo wa rangi ya samawati, akamtamani sana. Mtu mmoja alikuwa tayari kumwuzia wa namna hiyo kwa bei nafuu, pasipo karatasi yoyote. «Mwalimu,» akauliza, «nitajuaje kumtunza, nami nimnunue kwa nani?»

Msicheke. Huko Ulaya watu wengi hufuga mijusi wa nchi za mbali katika masanduku ya kioo, kama sisi tufugavyo njiwa.

Nilimjibu hivi: Kabla ya kuuliza bei, uliza kwao mnyama ni wapi. Mjusi huyu, ambaye wataalamu humwita Lygodactylus williamsi, kwao ni Tanzania, chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Makao yake ni msitu wa Kimboza, wenye kilometa za mraba 4 hivi, na vipande vichache vya misitu ya jirani. Humo hukaa juu ya mikadi, miti yenye majani marefu ya miiba. Urefu wake ni sentimeta 8 hivi, pamoja na mkia. Dume ni samawati, na koo lake ni jeusi. Jike ana rangi ya kahawia na kijani.

Ukijua kwao, umekwisha kujua nusu ya malezi yake. Kwa kuwa hukaa mitini, sanduku lake liwe refu kwenda juu, tena lenye mimea. Kwa kuwa hutembea mchana, anahitaji taa maalumu itoayo miali ya UVB kama ya jua. Akiikosa, na akikosa unga wa kalsiamu katika chakula, mifupa yake hulegea. Kwa kuwa msitu wake una unyevu, majani yanyunyiziwe maji, naye atalamba matone. Chakula chake ni wadudu wadogo, kama nyenje wachanga. Tena madume wawili wasiwekwe pamoja, maana watapigana.

Nusu ya pili ni kujua ametoka mikononi mwa nani. Wataalamu walikadiria kwamba kati ya miaka 2004 na 2009 kundi moja tu la wakamataji liliondoa Kimboza mijusi zaidi ya 32,000, ijapokuwa msitu huo ni hifadhi. Tena mikadi ilikatwa ili kuwafikia. Hivyo mijusi wakachukuliwa, na nyumba yao ikabomolewa. Kwa sababu hiyo mataifa, yaliyokutana Johannesburg mwaka 2016, yalikubali kumtia katika orodha kali kabisa ya Mkataba wa Washington wa mwaka 1973. Tangu mwaka 2017 ni marufuku kuwauza nje ya nchi mijusi hao waliokamatwa porini. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, amwuzaye yampasa kuwa na hati ya serikali.

Basi, kila akupaye shauri au atakaye kukuuzia, mwulize mambo matatu. Kwanza: wewe mwenyewe umewafuga miaka mingapi, nao wamezaa kwako? Pili: huyu na wazazi wake walizaliwa wapi? Tatu: hati yake iko wapi? Ajuaye kweli hujibu bila kuudhika. Wako pia wanachama wa vyama vya wafugaji, kama DGHT ya Ujerumani, iliyoundwa mwaka 1964, na waganga wa wanyama waliozoea kutibu mijusi. Kuuliza si ujinga.

Kijana akamrudia yule muuzaji. Swali la kwanza alilijibu upesi. La pili akasitasita. La tatu akakasirika, akakata maneno. Mwanafunzi wangu akaenda zake mikono mitupu.

Juzi ameniandikia tena. Amempata mfugaji mwenye hati, ambaye mijusi wake huzaa, lakini zamu yake ya kununua haijafika. Siku hizi anapima joto la sanduku tupu asubuhi na jioni, huku akijifunza kulea nyenje. Wenzake wanamcheka, mimi nimemsifu. Afadhali sanduku tupu Ubelgiji kuliko mkadi mtupu Kimboza.